Mkono wa Kushoto wa Bwana Kofia

Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa kreti uliolazwa juu ya mawe mawili meusi ya volkano, kando ya barabara ya kwenda Kibumba, mkabala na uwanja wa ndege wa Goma. Kila asubuhi Mama Kasoki aliwasha mbabula yake hapo na kuteleka kahawa, na kila asubuhi walikuwapo wale wale. Anastase aliitwa Redio, maana habari hazikumpita, na zisizokuwapo alizitengeneza mwenyewe. Damien alikuwa fundi wa baiskeli, au kinga kama walivyoziita hapo, na kwake dunia nzima ilikuwa kinga. Ntirenganya walimwita Papa Mbele. Kwa miaka minne alikuwa akiruka kama msaidizi wa Bwana Kofia, mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, katika kindege cha turubai ambacho rubani wake hukaa kiti cha nyuma. Basi mwaka huo wa hamsini na saba, katika Goma nzima, yeye ndiye mtu mweusi pekee aliyekaa mbele ya mzungu, na hakumwacha mtu asahau.

Lakini asubuhi hiyo hakujisifu. Uwanjani ilisimama ndege mpya, ya bati. Mwalimu aliyekuja nayo kutoka Bukavu aliruka na Bwana Kofia mara mbili tu, akampa mkono, akaenda zake. Leo Bwana Kofia angeiendesha bila mwalimu mpaka Rutshuru, na Ntirenganya angekaa pembeni yake. Alikuwa na hofu, tena kubwa, na nyumbani alikuwa na watoto watano.

— Sasa tutakuita Papa Kando, Damien akasema. Viti viko ligne moya, kando kwa kando.

— Acha maneno.

— Unaogopa nini? Kinga ni kinga. Mutu mwenye kujua kuendesha moya, anajua zote.

— Ndeke haiko kinga, Damien.

— Na hii iko bora, Redio akaingilia. Ile ya zamani ilikuwa na kaguu kadogo ku mukia. Hii iko na muguu chini ya pua. Kitu chenye muguu ku pua kitaanguka namna gani?

Mama Kasoki akacheka, akamwongezea kahawa. Redio alipoona amepata wasikilizaji, akageuka upande wa pili bila aibu.

— Lakini ile bati njo mubaya. Nyiragongo inavutaka chuma. Ya turubai ilikuwa inapita tu, mulima haiijue.

— Na bati ya kanisa, mbona haijavutwa? akauliza Mama Kasoki.

— Ile ilibarikiwa.

Damien naye akashauri ndege ya zamani ifichwe nyuma ya hangari, isione mwenzake akiondoka, kwa sababu baiskeli yake ya kwanza ilipasuka mipira yote miwili siku aliyonunua ya pili. Wakaanza kubishana kama wivu wa baiskeli na wivu wa ndege ni kitu kimoja. Ntirenganya aliwasikiliza kwa uchungu. Walikuwa wakicheza na shingo yake.

— Miye siogope bati, akasema mwishowe. Naogopa upepo ya ku lac, ile ya ziwa. Tukikaribia kushuka, inatupigaka chini. Ile ya zamani, vyuma vya mbele na vya nyuma vimefungwa pamoja. Bwana akishituka, naona manete, kile kipini cha kuongeza moto, inaenda mbele yenyewe karibu na goti yangu. Moteri inalia, tunapanda. Miaka ine, hajachelewa hata mara moya.

— Samahani, Papa. Anaisukumaka na mukono gani?

Wote wakageuka. Aliyeuliza ni mgeni, Kamate, fundi cherehani, aliyekuwa akingoja kamio, lori la kwenda Butembo, huku mashine yake imefungwa kwenye gunia kati ya miguu.

— Ya kushoto.

— Na ku ile mupya, mukono ya kushoto inashika nini?

Damien akatazama mikono yake mwenyewe.

— Nauliza tu, Kamate akasema. Nilikuwa na mashine ya kuzungusha na mukono. Nikanunua hii ya miguu. Nilikuwa najua muzuri namna inatumika, Papa. Lakini siku moya nilishituka, mukono ikafanya kazi ya ile ya zamani.

Akaonyesha kidole chenye kovu lililopita katikati ya ukucha.

Ntirenganya alikuwa ameisafisha ndege mpya jana yake. Mkono wa kushoto wa rubani ungeshika usukani. Kipini cha moto kilikuwa katikati, upande wa mkono wa kulia. Na usukani ule ukisukumwa mbele, pua inashuka chini. Akaweka chini kikombe kikiwa nusu, akavuka barabara. Kumwambia mzungu kwamba mkono wake haujajua kazi hakukuwa jambo dogo miaka ile; watu walifukuzwa kwa maneno mepesi zaidi.

— Bwana, akasema, mbele ya kuruka, kwanza tukae kidogo ndani. Moteri ikae imefungwa.

— Kufanya nini?

— Tutafanya kama tunashuka. Nikisema «upepo», Bwana atafanya sawa vile anafanyaka siku zote.

Bwana Kofia akacheka. Lakini kwa miaka minne kisogo cha mtu huyu ndicho alichokuwa akikitazama kila waliposhuka, na hakikuwahi kumdanganya. Akapanda.

Ntirenganya hakuharakisha. Aliuliza habari za kahawa ya Rutshuru, kama mvua imeyaharibu maua yake. Bwana Kofia alipokuwa katikati ya jibu, akampigia kelele sikioni:

— Upepo!

Mkono wa kushoto wa Bwana Kofia ulisukuma usukani mbele mpaka mwisho.

Wakautazama wote wawili. Kule kwenye benchi Redio alikuwa amesimama, akiwaeleza wenzake kwamba ndege imekataa kuwaka. Bwana Kofia akarudisha usukani polepole, akavua kofia, akaiweka magotini.

— Tena, akasema.