Nani Kawaongeza Askari wa Konstantini

Mkoa wetu ulikuwa bado mpya, ofisi zinapakwa rangi, na kijiwe chetu cha kahawa karibu na soko la Babati hakikosi mgeni wa kuhamia. Siku hiyo tulikuwa na furaha isiyo kifani. Mwenzetu Konstantini alikuwa ametoka kliniki na karatasi mkononi: askari wake wa mwili, wale wanaopambana na virusi vya Ukimwi, wamepanda kutoka mia na ishirini hadi mia tatu na kumi. Mwaka jana tulikuwa tunambeba kumpeleka chooni. Leo amekuja kwa miguu kutoka kwake Bagara. Mimi nililia, na sioni aibu kusema.

Ubishi ukaja kwenye nani kawaongeza hao askari, maana kila mmoja alikuwa amempa chake cha kujenga kinga.

— Supu yangu ya kambare hiyo, akasema Sosthenes Nyavu, mvuvi wa ziwani. Kambare anaishi kwenye tope na haugui hata mafua.

— Wapi, akasema Rashidi Profesa, mwenye duka la vitenge. Ni habasoda yangu, zile mbegu nyeusi. Inawaita askari waliotoroka, inawapanga foleni.

Nikatetea mlonge wangu: askari wa mlonge hawalali, wanapokezana zamu. Sosthenes akadai wa kambare wanaogelea kwenye damu, virusi vinazama vyenyewe.

Rashidi akagonga benchi.

— Tufanye mtihani. Mwezi huu Konstantini aache vyote, na vidonge vya kliniki pia. Anywe habasoda tu, halafu apimwe tena.

Tukaafiki, wajinga sisi, tukabaki kugombania dawa ya nani ianze. Konstantini aliinamia kikombe. Sisi ndio tuliomuuguza, na niliona kabisa anashindwa kutukatalia.

Pembeni alikaa Genoveva, karani aliyehamia wiki ile kutoka Mbulu. Akauliza kwa adabu:

— Samahani, wazee wangu. Ninyi wenyewe mmepima lini?

Rashidi akainama kufunga kamba ya kiatu. Sosthenes akawa anakagua kucha. Mimi nikanyoosha kikombe niongezewe, na Hamdani muuza kahawa akanitikisia birika tupu.

Konstantini akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

— Vidonge siachi, akasema. Na kesho saa mbili nampitia kila mtu nyumbani kwake, twende wote kliniki. Mkijificha nitawatafuta, miguu sasa ninayo.