Betri Tatu za Marehemu Bisibisi

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada yake mkubwa. Nimeombwa niseme kwa ufupi na nitajitahidi, ila naomba mtu asiondoke kabla sijamaliza.

Marehemu mdogo wangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bisibisi, alizaliwa tarehe 4 Juni 1981, mtoto wa pili na wa mwisho kwetu. Akiwa na miaka saba aliifungua redio ya baba na kuitandaza mkekani kipande kwa kipande. Baba akaingia. "Nani kaua redio yangu?"

"Haijafa, baba. Nimeilaza tu."

Jioni ile redio iliimba, na baba hakumchapa.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1994, sekondari 1998, na mwaka 2001 akapata cheti cha ufundi umeme. Kisha akatunza kompyuta za kiwanda cha uchapaji hadi Agosti 2016, alipopunguzwa kazini. Hakukaa kulia. Wiki iliyofuata aliisukuma meza ya chakula hadi dirishani, akaweka taa na chombo cha kulehemu, akabandika mlangoni karatasi iliyosema anatengeneza laptopu. Tangu siku hiyo familia ilikula sakafuni. Wateja hakuwaandika popote, aliwajua kwa magonjwa ya mashine zao.

Alifunga ndoa tarehe 13 Desemba 2008. Wifi yangu, ambaye ni mwalimu, alikuwa amemletea laptopu kule kiwandani mara tatu kwa wiki moja. "Kila nikifika nyumbani inagoma," alilalamika. Bisibisi akamjibu, "Basi tatizo ni hapo kwenu. Uhame." Akahama.

Mwaka jana, betri mpya zilipoadimika, alianza kufungua betri chakavu, kuchagua seli zenye uhai na kuunda nyingine. Zilizovimba alizirundika kwenye katoni chini ya meza.

"Baba watoto, hizo zitoe ndani," wifi alimwambia.

"Zimevimba tu, hazijakasirika."

Nilikuwepo. Nilicheka, na sitajisamehe.

Tarehe 9 Machi 2025, saa nane mchana, betri aliyoiunda ilianza kufuka moshi ikiwa kwenye chaji. Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Aliibeba kwa mikono mitupu hadi uani. Watoto hawakudhurika. Yeye aliungua mikono, na moshi ukamwingia kifuani.

Hospitalini, siku ya kumi alipoweza kusema tena, hakulalamikia maumivu, alizungumzia betri. "Dada, seli zote zilitoka mzigo mmoja. Nimewapa watu kumi na tisa. Zirudishwe." Nikashika kalamu. Akataja: mshonaji, skrini yenye mstari; muuza dawa, feni inayolia. Alifika kumi na sita, akachoka. "Zilizobaki nitakumbuka kesho." Alifariki kesho yake, tarehe 20 Machi, saa mbili asubuhi.

Kumi na sita tumezikusanya. Mbili zilikuwa zimeshaanza kuvimba. Tatu hatujui ziko kwa nani. Kila moja ina nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Kama laptopu yako ilipita mezani kwake, usingoje tumalize kuzika. Piga simu nyumbani sasa hivi, waichomoe kwenye umeme, waitoe nje. Namba zetu ziko nyuma ya karatasi ya ratiba mliyopewa.

Ameacha mama, mjane, watoto wawili na mimi.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Sisi tutapumzika zikipatikana.