Kamari ya Madamu Nabirye

Mwaka ule wa tisini na saba, benchi la kahawa la Bakhit, mkabala na msikiti mjini Mbale, lilikuwa na wataalamu wa kila jambo isipokuwa kazi zao wenyewe. Siku hiyo aliyeleta kesi alikuwa mzee Marjan, mwanajeshi mstaafu, ambaye benchi zima lilimwita Afande. Asubuhi alikuwa amemzuia nyumbani binti yake Khadija na kumnyang'anya kikokotoo cha shule, kile chenye kioo kinachochora mistari, maana alimkuta akicheza mchezo na kudai eti ni hesabu. Adhuhuri angekipeleka kwa hedmasta na kumtoa binti darasani kwa Madamu Nabirye, mwalimu mgeni kutoka Jinja. Moyo ulimuuma, kwa kuwa kati ya watoto wake ni Khadija peke yake aliyebaki shuleni, lakini heshima ya baba nayo ina mahitaji yake.

— Hii kitu inaonyesha nukta, — Afande alieleza. — Mtoto anaandika ikwesheni ya namba mbili, mstari inatoka. Ikipita kwa nukta, anapata pointi. Ati hiyo ndiyo kusoma.

— Hiyo iko kamari, — alisema Asuman, aliyeitwa Jaji kwa sababu alishawahi kushtakiwa.

— Kamari gani, bwana? — alidakia Jibril, muuza mitishamba, yaani Daktari. — Hiyo iko ya jeshi. Nukta ni nyumba zetu. Watoto wanafundishwa kulenga. Siku moja wanabonyeza, mtaa yote ya Nakaloke inaenda.

— Nakaloke iko na nini ya kulenga? — Jaji aliuliza.

— Soko iko.

Afande aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeijua siri hiyo tangu kambini. Hakuijua.

— Leta tupime, — Jaji aliamua. — Kesi bila ushahidi mimi nakataa. Kila mtu anaweka namba zake mbili kwa ikwesheni. Mwenye kukosa nukta ananunua kahawa.

Kwa hiyo waliokuja kulaani kamari wakacheza kamari. Afande, aliyewahi kuwa mtu wa mizinga, aliweka namba yake ya jeshi mara mbili, kwa heshima zote. Mstari ukasimama wima na kukosa kila kitu. Jaji akaweka mwaka aliozaliwa, naye pia mara mbili, akakosa vilevile. Daktari akaweka sifuri zote mbili, mstari ukalala chini. Bakhit, ambaye hakuwahi kuuza namna ile siku ya Jumanne, alianza kuipenda elimu.

Adhuhuri ikapita bila mtu kuiona. Ndipo akatokea Madamu Nabirye mwenyewe, akikitafuta kikokotoo cha shule.

— Hamjambo wazee. Naona mnasoma.

— Tunachunguza, Madamu, — Jaji alisema, akificha kikombe.

— Vizuri. Sasa huu mstari umelala. Mkitaka upande mlima kidogo, mnabadilisha namba gani, ya kwanza ama ya pili?

Jaji alimtazama Daktari. Daktari alimtazama Bakhit. Bakhit akashughulika na birika.

Afande alishikwa na aibu ambayo hata jeshini hakuijua. Khadija alikuwa ameanza kumweleza jambo hilohilo, «Baba, ona, hii ya kwanza,» naye akamkata kauli. Sasa mtu pekee ambaye angewaokoa wazee wale alikuwa nyumbani anasugua sufuria, kwa amri ya baba yake.