Mfuko wa Madai Kumi na Moja

Sikilizeni wanangu, sogeeni, na wewe mkubwa zima hiyo redio, maana sauti yangu inakwisha. Chini ya kitanda hiki, nyuma ya sanduku la spana, kuna mfuko wa plastiki. Utoe. Ndani mna madai ya watu kumi na mmoja tuliopunguzwa kazi kiwanda cha mablanketi, langu likiwemo. Sheria ilitupa miezi sita tu ya kudai haki zetu, na mwezi wa sita unaisha leo, ofisi ya kazi ikifungwa saa tisa.

Msinitazame hivyo. Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu tungoje. Meneja alinishika bega akasema, "Mzee, tusipelekane ofisini, si bado tunazungumza?" Nami nikajiona mtu mkubwa, nikawatuliza wenzangu kwamba mvumilivu hula mbivu, nikidhani siku hazihesabiwi watu wakiwa mezani. Zinahesabiwa, wanangu! Mwenzetu Kipara alinionya, akapeleka dai lake peke yake, nikamwita msaliti mbele ya watu, na hadi leo hatusalimiani. Kipara ameshalipwa. Mwombeni radhi, mwambieni nimekiri kwa kinywa changu.

Kisha maradhi yakaniangusha, nikaona haya kusema kwamba madai yao bado ninayo mimi. Mficha uchi hazai. Yule mama wa chumba cha nyuzi kiwandani, mmoja wetu, anamuuguza mumewe na bado ananiamini. Nikinyamaza tena nitakuwa nimemwibia.

Nyumba ni ya mama yenu, asiitie mtu bei akiwa hai. Spana ni zako, mkubwa, usiziuze kwa njaa ya siku moja. Na ule ugomvi wenu wa kiwanja, uzikeni pamoja nami.

Nipeni maji... Saa ngapi? Saba na nusu? Binti yangu, futa machozi, fuatana na kaka yako, mmoja akikwama mwingine afike. Kila dai ligongwe muhuri wa leo, na nakala mrudi nazo. Mkipigiwa simu njiani kwamba nimekata roho, msirudi. Msirudi, nasema! Mimi nitazikwa hata kesho. Mama yenu yupo, atanifumba macho.

Radhi yangu mnayo, wote wawili. Mungu awanyooshee njia, awape... awape ujasiri nilioukosa mimi.

Bado mmesimama? Nendeni.