Emrys Probert, Aliyecheza Jumapili kwa Jina la Kelly

Mimi ni Olwen, dada mdogo wa marehemu. Wifi yangu Hester ameniomba nisome kwa sababu sauti imemkauka. Sitasoma sana, sote tumechoka.

Marehemu Emrys Probert alizaliwa tarehe 9 Machi 1884 hapa Pentwyn, Pennsylvania, mtoto wa kwanza wa Gomer na Rachel Probert, waliotoka Wales kuja kufanya kazi ya mabati. Alisoma shule ya mtaani hadi alipotimiza miaka kumi na miwili, kisha akamfuata baba kiwandani. Mwalimu hakumlilia.

Mwaka 1904 alianza kulipwa kucheza mpira wetu huu wa kubeba mkononi na kuangushana. Jumamosi alicheza hapa kwa jina lake. Jumapili sheria ya jimbo ilikataza michezo, na mama alikataza hata kumenya viazi, kwa hiyo Emrys alipanda treni akavuka kwenda jimbo jirani la Ohio, akacheza kwa jina la Kelly. Wenzake wengi walifanya vivyo hivyo. Magazeti yakamsifu Kelly, na mama akasimama kanisani kumwombea mwanamke aliyemzaa mpagani huyo. Jumatatu moja Emrys alikuja mezani pua imepinda.

“Umefanya nini tena?” mama akauliza.

“Nimeteleza kwenye ngazi, mama.”

“Ngazi za Ohio hizo, mbaya sana. Mwambie na Kelly awe anaangalia.” Akamwongezea supu.

Kofia ya ngozi ya kukinga kichwa uwanjani hakuitaka. Alisema inamziba masikio.

Tarehe 12 Juni 1909 alifunga ndoa na Hester Beynon, fundi cherehani, aliyekubali kuolewa kwa sharti kwamba mpira uachwe. Emrys aliuacha kila Desemba na kuurudia kila Septemba, hadi goti lilipokataa mwaka 1917. Hester hakukanyaga uwanjani hata siku moja. “Huo mchezo wenu,” ndivyo alivyouita, na mimi sikumlaumu.

Kuanzia mwaka 1928 marehemu alisumbuliwa na kichwa, kisha kumbukumbu ikaanza kumtoka. Daktari alisema kichwa kile kiligongwa mno. Kila alfajiri aliamka akidhani ni Jumapili na treni inamwacha. Hester alificha viatu; Emrys akatoka pekupeku kwenye theluji. Wifi yangu hakuomba apone. Alitaka tu mumewe atulie, ajue yuko kwake. Nami kwa hasira nilimwambia, “Si umwambie mpira umekwisha!”

“Nimemwambia mpaka ulimi unaniuma, wifi. Kwani ananisikia?”

Jumatano tarehe 14 Novemba 1934, alasiri, Emrys alifumbua macho akamtazama mkewe kama mchezaji mwenzake.

“Tumeshinda?”

Hester alisogea karibu. Mchezo ule ulimla mumewe, naye aliuchukia kwa moyo wake wote. Kisha akamfunika miguu.

“Tumeshinda. Treni imeshafika, tuko nyumbani.”

“Basi vizuri,” akasema. Akalala, na hakuamka tena. Nilikuwapo, na nililia kwa huzuni na kwa nafuu pia, nisiwadanganye.

Marehemu ameacha mjane wake Hester, mwanawe Ivor, binti yake Mattie, wajukuu watatu, na mimi dada yake.

Kaka yangu, kesho ni Jumapili, na huna treni ya kuwahi. Pumzika kwa amani.