Nyama ya Kula Juu ya Piramidi

Tróndur, zima redio hiyo. Na wewe Sunnvá, acha kufuta meza, imeshatakata, njoo ukae hapa ubavuni kwangu maana sauti yangu haifiki mbali tena. Baba yenu mkubwa Heini nimemwita mwenyewe, ndiyo maana amekaa pale karibu na jiko na ile nyama yake mapajani. Nina neno la kumwambia ambalo nimelificha miaka arobaini na sita, na sitaki nife nalo. Atakalonifanyia baada ya kulisikia ni haki yake. Mtu asimzuie.

Nianze na mali, kwa sababu nimewaona mkitazamana kwa macho mabaya tangu daktari alipoondoka. Nyumba ni ya Sunnvá. Kondoo wote na malisho ya mlimani ni ya Tróndur, na wewe Tróndur, mkono ule uliompasua dada yako mdomo siku ya Pasaka kwa sababu ya malisho hayohayo, usiuinue tena, maana mkono huo umeurithi kwangu na leo utasikia ulikotoka. Boti iuzwe, wala msibishane. Ina kazi yake, na kazi hiyo ndiyo niliyowaitia.

Mnazijua zile picha nne kwenye ukuta wa banda la boti, zilizofifia hata rangi hazisomeki: piramidi za Misri, Ukuta Mkuu wa China, Taj Mahal na Mnara wa Eiffel. Tulizikata mimi na Heini kwenye kalenda ya dukani, yeye ana miaka kumi na mmoja, mimi tisa. Baba alipojua alituchapa kwa kamba ya nanga yenye fundo, akaanza na Heini kwa kuwa ndiye mkubwa, akampiga mpaka shati likagandana na mgongo, na Heini hakusema kwamba mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Siku ileile, amelala kifudifudi, ananing'ata sikio kwamba siku moja tutakwenda kuziona zote, na tutakwenda wawili au asiende mtu. Tutaanza na piramidi. Tutapanda mpaka juu kabisa, tukae, tule nyama ya kondoo ya mama aliyoikausha kwa upepo. Heini akauliza kama kule juu kuna upepo wa kutosha kukausha nyingine ya kwendea China. Tulikuwa hatujawahi kutoka visiwa vyetu hivi wala kuona mahali pasipo na bahari, basi tukabishana mpaka tukapigana ngumi kuhusu piramidi iko kwenye ghuba gani na boti tutaifunga wapi.

Miaka ikapita, tukawa wanaume, kila mmoja na kisu chake cha nyangumi kiunoni. Kiangazi kimoja kundi la nyangumi likaonekana, boti zikalisukuma mpaka ndani ya ghuba yetu, na kijiji kizima kikashuka ufukweni. Mimi na Heini tulikuwa kwenye kamba moja ya kuwavutia ufukweni, maji yako kifuani, baridi inauma mpaka mfupani. Nyangumi walikuwa wanapiga mikia, wanapiga kelele nyembamba kama za watoto, na kila aliyevutwa alichanjwa nyuma ya tundu la pumzi, damu ikaruka usoni mwetu, ikaingia mdomoni, mpaka ghuba yote ikawa nyekundu na hujui maji yanaishia wapi.

Hapo katikati ndipo Heini aliponiambia kwamba amepata kazi kwenye meli ya mizigo inayokwenda Aleksandria, na anaondoka Jumatatu. Nikamuuliza, na mimi je? Akacheka, uso wake mwekundu, meno meupe.

"Nitakuletea picha, mdogo wangu. Wewe hata juu ya ngamia utatapika."

Ulikuwa utani. Siku zote tulitaniana hivyo. Lakini mwili wangu ulikuwa umeshazoea kukata siku ile, na kisu kilikuwa mkononi, na ghadhabu ilinipanda kama maji ya moto. Nilizama mpaka mabegani, nikamkata nyuma ya goti. Mara moja. Nilisikia kano zikiachia, kama kamba ya boti inapokatika, naye akaenda chini bila kelele, na damu yake ikaingia kwenye damu ya nyangumi, hakuna jicho lililoweza kuzitenganisha.

Kaka, umesikia? Hukupigwa na mkia wa nyangumi, kama kijiji kizima kilivyoamini. Ni mimi. Nilikukata kwa makusudi.

Kisha nikaogopa, nikamshika nywele, nikamburuta mpaka kwenye mawe. Watu wakanipigapiga mabegani wakisema, Mikkjal kamwokoa ndugu yake. Pasta alinitaja kanisani. Nami nilikaa kwenye benchi nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Meli iliondoka Jumatatu. Heini hajapanda hata kilima cha nyuma ya kanisa tangu siku ile, na mimi sijaenda popote, kwa sababu kila nilipofikiria piramidi nilisikia zile kano zikiachia.

Na kila mwaka, tarehe ileile, anachechemea mpaka hapa na paja la kondoo lililokaushwa. Analiweka mezani, kisu chake mbele yangu, hakigusi, ananiambia, "Kata wewe, Mikkjal. Mkono wako unajua kisu." Nami nilicheka naye, nikakata, tukala. Mara arobaini na sita. Ni juzi tu, nimelala hapa, nilipofikiri kwamba Heini amechinja kondoo maisha yake yote. Mkia wa nyangumi unavunja mfupa, haukati kano kwa mstari ulionyooka. Alijua. Alijua tangu alipolifungua lile jeraha akalitazama.

Sunnvá, usilie. Tróndur, muache. Muache, nimesema. Hiyo fimbo anayotembelea ni yake, aiinue.

Ah.

Mkono huu haunifai kitu sasa, ameuvunja uleule ulioshika kisu. Acheni vigae vya jagi lililoanguka hapo chini, mtaokota baadaye. Piga tena, kaka, kama haijatosha.

"Miaka yote nilikuwekea kisu mbele yako useme, we mjinga. Ukawa unakata nyama tu."

Mmemsikia Heini. Basi sikilizeni na mimi, maana pumzi inakwisha. Boti iuzwe, mumpeleke Heini akaone piramidi. Mwende nyote wawili, pamoja naye, au asiende mtu. Tróndur, wewe utambeba mgongoni pale kiti cha magurudumu mtakachomkodia kitakapozama mchangani, na akikutukana njia nzima, nyamaza. Sunnvá anasema siku hizi hawaruhusu kupanda. Mkae chini yake basi, mtafute upande wenye upepo, mle nyama. Ukitaka China baadaye, kaka, pesa ya boti itatosha au haitatosha, hawa watafanya kazi.

Siku ya kunizika, pasta asiseme nilimwokoa mtu. Mwambieni aseme nilichofanya. Mkiona aibu, msije. Kisu changu msikitie kwenye jeneza, wala Tróndur usikirithi. Kitupeni ghubani.

Mungu awape miguu mizima... na mioyo ya kungojana. Shikaneni mikono hapo. Hivyo.

Heini anataka nini? Ala... anataka kisu changu. Kiko msumarini, Sunnvá, nyuma ya mlango. Mpe. Mpe, mwanangu. Tróndur, kaa chini.

Njoo karibu, kaka. Sioni vizuri. Nasikia tu unachomoa...

Unakata nyama.

Leo amekata mwenyewe, mnaona? Ndogo, kaka, sina meno. Ndogo zaidi. Ina chumvi... ileile ya mama.

Na hiyo nyingine mbona haili... Anaomba nini? Karatasi. Anaomba karatasi ya kufungia iliyobaki.

Mpe karatasi, Sunnvá. Nzito. Safari ya piramidi ni...

Mpe.