Nyasi za Mama Magugu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mtafiti wa uwele aliyetutoka mwezi uliopita. Wenzake kwenye kituo cha utafiti walimwita Mama Magugu. Na jina hilo alilipenda kweli kweli!

Kwa nini Magugu? Kwa sababu aliyapanda. Ndiyo, umesikia vizuri. Uwele una ndugu zake wa porini, nyasi ambazo mkulima akiziona tu anashika jembe. Yeye alizimwagilia maji. Masuke yake aliyavika mifuko ya karatasi, chavua ngeni isiingie. Majirani walicheka mpaka wakachoka.

Alikuwa anatafuta kitu kimoja: uwele usioshindwa na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya nafaka mpaka shamba linanyauka. Akapata nyasi moja ya porini ambayo kiduha hakikuiweza. Mbegu zilikuwa chache mno. Zote akazipanda nyuma ya nyumba yake, azilinde mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Dada yake mkubwa akaja kumtembelea. Mkulima hodari, mikono yake haijui kukaa bure. Mtafiti kurudi kutoka kazini, pale nyuma peupe pee!

"Nilidhani namsaidia," anasema dada huyo. "Nikamwambia, mdogo wangu, msomi mzima unaishi na nyasi namna hii? Akashika kichwa. Akalia, jamani, nikatamani ardhi inimeze. Halafu akajifuta machozi, akasema, haya dada, piga magoti tutafute."

Wakapekua lundo la magugu, dada na mdogo wake. Kila shina lililobaki na mzizi wakalirudisha udongoni. Mengi yakafa. Shina moja likashika. Moja tu, wasikilizaji wapendwa! Akalichanganya na uwele, akachagua, akapanda tena, miaka na miaka. Leo uwele huo umesimama wima kwenye mashamba ambayo wenyewe walishayakatia tamaa kwa sababu ya kiduha.

Kwa familia yake na wenzake kituoni, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi, na tunajivunia yeye pamoja nanyi. Nawe unayetusikia, ukishika jembe leo, inama kwanza utazame.

Dada yake ameshaanza. Jana tulimpigia simu, tukamkuta yuko kwenye kaburi la mdogo wake.

"Nimekuja kupasafisha," alisema. "Nyasi zimeshaota. Nimeinua jembe, nimelishusha. Mimi nitajuaje ipi ni yake? Nimezimwagilia maji."